Nembo ya ukoo isemwe kwanza, ndipo ichorwe

Maswali ya wasomaji mwezi huu yanajibiwa na mama mchoraji wa nembo na mihuri, Moshi.

SWALI

Shikamoo mama. Mimi ni mjukuu wa mhunzi wa Kamachumu, wilaya ya Muleba, ila naishi Dar es Salaam. Desemba hii ukoo wetu unakutana nyumbani, na kamati imenikabidhi kazi ya kuleta nembo. Tunataka iwekwe kwenye fulana, kwenye muhuri wa ukoo na kwenye kaburi la babu. Kwenye kundi letu la WhatsApp kila mtu ameleta lake. Hadi leo tunao simba wawili, msonge, mgomba, tawi la kahawa la bibi, nyundo ya babu, jembe, ngoma, msalaba, kitabu (baba alikuwa mwalimu), ziwa, ramani ya Kagera na njiwa. Shangazi anataka meli, kwa kuwa mdogo wake alizama na MV Bukoba mwaka 1996. Muziro wetu, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo, ni samaki kamongo, lakini wazee wawili wamesema kamongo asichorwe kabisa kwa sababu ni mwiko. Halafu binamu yangu amepata duka la mtandaoni huko nje wanaouza "nembo halisi ya jina lako la ukoo" kwa dola. Tuwape hela? Na tuanzie wapi?

Mjukuu wa Mhunzi, Dar es Salaam

JIBU

Marahaba mwanangu. Nianze na hizo dola: zibaki mfukoni kwa binamu. Wauzaji wa namna hiyo wana michoro yao tayari, wanabandika jina lako chini na kukutumia. Hata huko Ulaya zilikotoka, ngao hizi hazikuwa mali ya jina. Kule Uingereza chuo cha nembo kilichopewa hati na mfalme mwaka 1484 kinampa ngao mtu mmoja, aliyeomba na kukubaliwa, na baada yake inakwenda kwa uzao wake. Watu wawili wenye jina moja wasio na damu moja hawana haki na ngao moja. Kwa hiyo anayekuuzia "nembo ya jina" anakuuzia kitu ambacho hakipo.

Kilichozifanya ngao hizo ziwe urithi ni jambo dogo ambalo mtu wa Buhaya, nchi yenu Wahaya, ataliona upesi. Mwaka 1128 hivi kijana Geoffrey wa Anjou, Ufaransa, alipewa ngao ya bluu yenye simba wa dhahabu. Wakati ule watu wengi walikuwa wakipaka ngao zao rangi, na peke yake hilo halikuwa na uzito wowote. Lakini mjukuu wake, William Longespée, aliyefariki mwaka 1226 na kuzikwa katika kanisa kuu la Salisbury, amechongwa kaburini akiwa na ngao yenye simba wale wale wa babu. Hapo ndipo ngao ilipogeuka nembo ya ukoo: mjukuu aliibeba bila kuibadilisha. Nataka kamati yenu ilichukue hilo. Hamchori picha ya kupendezea sherehe ya Desemba. Mnachora kitu ambacho mjukuu wako, ambaye bado hajazaliwa, atakibeba na kukieleza bila kukuuliza.

Ndiyo maana kazi inaanza kwa maneno. Katika elimu hii ya ngao, nembo yenyewe ni sentensi. Mchoro unakuja baadaye, na kila fundi anaweza kuuchora kwa mkono wake. Mmoja atamnenepesha simba, mwingine atamkondesha, lakini ilimradi sentensi ni ile ile, nembo ni ile ile. Nimechora nembo za shule, parokia na vyama vya ushirika huku Kilimanjaro, na kila anayekuja na karatasi yenye mchoro namwomba aiweke kando kwanza aniambie kwa mdomo. Akiniambia kwa pumzi moja, kazi ipo. Akianza "halafu pembeni kuna, halafu juu yake tena kuna," najua tuna kikao kirefu mbele yetu.

Kuna familia moja ya Rombo waliwahi kuniletea ngao yenye mlima, mgomba, ng'ombe, kahawa, mbege, kanisa, shule, jua na mikono miwili iliyoshikana. Kwenye karatasi kubwa ilipendeza kweli. Tulipoipunguza iingie kwenye muhuri wa mpira, ule wa kugongea barua za ukoo, likabaki doa jeusi lenye jua. Mwenyekiti wao aligonga mara tatu kwenye karatasi nyeupe, akaangalia, akainyamazia. Siku hiyo hiyo wakakubali kubaki na mgomba na ng'ombe.

Sasa tuchambue orodha yenu.

Simba watoke. Sina ugomvi na simba. Wapo watu ambao simba ni wao kweli: Wanandi wa ukoo wa Talai wana simba kama alama yao tangu enzi, na Buganda upo ukoo wa Mpologoma. Nyinyi mnamtoa wapi? Mmemwona kwenye ngao za wafalme wa Kiingereza na kwenye nembo za timu za mpira. Ramani nayo itoke, mipaka ya mkoa huchorwa na serikali na inaweza kuchorwa upya. Msalaba na njiwa ni imani, na ukoo mkubwa wa Kamachumu lazima una Wakatoliki, Walutheri na pengine Waislamu. Njiwa akiingia, kuna shangazi atakayeivaa fulana hiyo kwa shingo upande. Kitabu cha baba yako nakiheshimu, mimi pia nimefundishwa na walimu wa namna yake, lakini kitabu kiko kwenye nembo ya karibu kila shule nchini na hakimtambulishi yeyote. Ngoma ilikuwa ya watawala wa Buhaya. Kama babu zenu hawakuwa wapigaji wala watunzaji wa ngoma za mtawala, msijivike.

Nyundo ibaki. Hiyo ndiyo yenu, na nitakwambia kwa nini inanigusa. Watu wengi wanapotafuta fahari ya ukoo wanaruka hadi kwa mfalme au mpiganaji, na mhunzi wanampita njiani. Huko kwenu, Katuruka karibu na Maruku, wanaakiolojia wamefukua mabaki ya tanuri za chuma za karibu miaka 2,000 iliyopita. Majembe yaliyotoka kwenye viriba na mafuawe ya wahunzi kama babu yako ndiyo yaliyolima vibanja, yaani mashamba ya migomba, na ndiyo yaliyotolewa mahari. Ukishaweka nyundo, jembe halihitajiki tena, maana nyundo ndiyo iliyolizaa. Mkae na mzee anayeikumbuka nyundo yenyewe, awaoneshe umbo lake. Nyundo nyingi za wahunzi wa Maziwa Makuu zilikuwa pande la chuma linaloshikwa kwa kiganja, bila mpini wa mti. Mkichora nyundo ya dukani yenye mpini na meno ya kung'olea misumari mtakuwa mmemchora seremala.

Tuje kwa kamongo, ambaye ndiye kiini cha barua yako hata kama umemweka mwishoni. Wazee wamesema ni mwiko, na sauti yao isipitwe kwa kura za WhatsApp. Lakini waulizeni kwa adabu: mwiko ni upi hasa? Kwa koo nyingi za upande ule wa ziwa, muziro haulwi na haudhuriwi, kwa sababu unaheshimiwa. Jirani zenu Waganda, ambao koo zao zina miziro kama yenu, wanaichora mchana kweupe. Ukoo wa Mmamba, ambao mamba wao ndiye huyo huyo kamongo, unajulikana kwa samaki huyo, na koo zinapokutana kwenye mashindano yao ya mpira ya Bika kila moja inaingia kwa jina la muziro wake. Nadhani wazee wenu wanaogopa kitu kingine, nacho ni cha haki: fulana yenye kamongo inatupwa chini, inapigiwa deki, inakanyagwa. Basi mkubaliane kamongo awe kwenye muhuri, kwenye kaburi na kwenye kitambaa kinachotunzwa, na fulana za Desemba zibebe nyundo peke yake. Wakikataa hata hivyo, imekwisha, nyundo inatosha.

Ila wakikubali, kuna jambo la kuangalia. Kamongo si wa nyumba yenu tu. Ni wa kila mwenye muziro huo, kuanzia wa Muleba hadi atakayekuwa Kyaka. Waskoti wana utaratibu mzuri juu ya hili. Mkuu wa ukoo peke yake ndiye anayebeba ngao ya ukoo ikiwa wazi, na kila nyumba iliyotoka humo inaongeza alama yake ili isijifanye ndiyo shina, na kuna mahakama nzima, ya Lord Lyon, msimamizi wa nembo wa Skoti, pale Edinburgh, inayosimamia. Kwenu nyundo ndiyo alama hiyo. Kamongo anasema ukoo, nyundo inasema nyumba ya mhunzi. Nyumba nyingine ya ukoo huo huo ikitaka nembo kesho, ina nafasi ya kuweka chombo chake.

Na kamongo ni zawadi kwa mchoraji. Dimbwi likikauka anajifukia topeni, anajikunja mpaka mkia unafunika kichwa, anatoa ute unaokauka kuwa ganda na kubaki na kitundu cha kuvutia hewa, anasubiri mvua miezi hata miezi. Mchoreni hivyo, amejikunja duara. Duara linakaa vizuri kwenye ngao na kwenye muhuri, na katikati yake panabaki nafasi ya nyundo. Ziwa mlilolitaka ameshalileta mwenyewe, hamhitaji mawimbi.

Tawi la kahawa la bibi lisiingie ndani. Juu ya ngao pana mahali pa pambo, pale Wazungu walipokuwa wakiweka kofia ya chuma. Hapo wekeni kijitawi chenye tunda moja tu, lililopasuliwa, punje mbili zikionekana. Watu wa Buhaya hawahitaji kuelezwa hilo. Punje mbili za tunda moja ndizo walizotafuna waliochanjiana udugu, kila mmoja na yake. Bibi aliyeingia katika ukoo akiwa mgeni akafanywa ndugu hawezi kupata alama nzuri kuliko hiyo.

Basi sentensi yenu, kwa maoni yangu, ingekuwa hivi: Ngao nyekundu, ndani yake kamongo wa fedha aliyejikunja akiizunguka nyundo ya mhunzi ya dhahabu, juu ya ngao tunda la kahawa lililopasuka. Jaribu kumsomea shangazi kwa simu. Kama anaweza kuirudia kesho yake, mmepata.

Rangi nimezipanga kwa sababu. Sheria kongwe ya ngao inagawa rangi makundi mawili. Dhahabu na fedha, yaani njano na nyeupe, ni kundi moja; nyekundu, bluu, nyeusi, kijani na zambarau ni kundi la pili. Kitu cha kundi moja kisikae juu ya kitu cha kundi hilo hilo, kwa sababu hakitaonekana kwa mbali. Ukitaka kuamini angalia bendera yetu. Mstari mweusi haugusi kijani wala bluu, umetengwa kwa mistari myembamba ya dhahabu. Ya Kenya ni vivyo hivyo, nyeupe imesimama kati ya nyeusi, nyekundu na kijani. Nyekundu nimeichagua kwa ajili ya moto wa tanuri, na inakaribiana na rangi ya lubugo, lile vazi la gome la mti walilovaa wazee wenu.

Kwenye muhuri rangi haipo, na hapo kuna ufundi wa zamani unaoweza kuwasaidia. Mjesuiti wa Kiitalia, Silvester Petra Sancta, aliuchapa mwaka 1638 na bado unatumika. Nyekundu huchorwa kwa vistari vya wima, bluu kwa vya kulala, dhahabu kwa nukta, na fedha huachwa tupu. Mwambie fundi wa mihuri achonge vistari vya wima nyuma ya kamongo, visibanane, na nukta chache kwenye nyundo. Anayejua ataisoma rangi kutoka kwenye wino mweusi.

Kuhusu meli ya shangazi. Nimeisoma sentensi hiyo ya barua yako mara nyingi. Watu wa Kagera na Mwanza hawajamaliza kulia tangu tarehe 21 Mei 1996, na sitaki nionekane ninamnyima mtu kumbukumbu ya mdogo wake. Lakini meli iliyozama ikiingia kwenye ngao, kila harusi ya ukoo, kila ubatizo, msiba ule utakuwa mezani. Zamani Uingereza mtu akifa, ngao yake ilichorwa kwenye ubao mweusi wenye umbo la almasi, ukatundikwa mbele ya nyumba, baadaye ukapelekwa kanisani. Fanyeni hivyo. Mchonge ubao mmoja mweusi wenye ngao yenu, muandike jina lake na tarehe ile, na kila Mei shangazi autundike. Ngao ni yake kama ilivyo ya walio hai.

Mwisho, sheria. Msiweke bibi na bwana, wala mwenge, wala chochote kinachofanana na Ngao ya Taifa, inalindwa kwa sheria. Mchoro wenu kama kazi ya sanaa unaweza kusajiliwa COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na sentensi ile iandikwe ukurasa wa kwanza wa daftari la ukoo na isainiwe na wazee, pamoja na wale wawili waliokataa, kama watakuwa wamekubali.

SWALI

Mama, habari za kazi. Nilizaliwa Muheza, baba alikuwa mkata mkonge, manamba aliyetoka mbali. Sasa ni raia wa Kanada, ni muuguzi Ottawa. Nimesikia huku mtu wa kawaida anaweza kuomba nembo serikalini. Lakini mimi ni mwanamke, nina mabinti watupu, na baba hakuacha chochote cha kuweka kwenye ngao. Nina haki gani?

Binti wa Manamba, Ottawa

JIBU

Salama mwanangu, na pole kwa baridi. Haki unayo kamili. Kanada ina mamlaka yake ya nembo tangu mwaka 1988, chini ya Gavana Mkuu, hapo hapo Ottawa. Raia anaandika ombi na kueleza maisha yake na mchango wake kwa jamii, na akikubaliwa anapangiwa mtaalamu wa kuandaa ngao pamoja naye. Gharama ya kazi ni juu yako, kwa hiyo uliza kwanza. Huko mwanamke anabeba ngao sawa na mwanamume, na mabinti wako watairithi.

Usiogope kwamba historia yenu ni ya jasho. Michaëlle Jean, mzaliwa wa Port-au-Prince aliyekuwa Gavana Mkuu wa Kanada kuanzia 2005 hadi 2010, aliweka juu ya ngao yake kombe la baharini na mnyororo uliokatika, kwa ajili ya watumwa wa Haiti waliojikomboa, na pande mbili za ngao wamesimama simbi, wanawake wa majini wa imani za kwao.

Unasema baba hakuacha kitu. Aliacha kipande. Kile kikadi alichowekewa alama kila siku aliyomaliza kazi, siku 30 ndipo kijae, ndipo alipwe. Katika michoro ya ngao kuna alama ya kale sana ya mstatili mdogo uliosimama, na huwa inatawanywa kwenye uwanja wa ngao kwa wingi. Mwambie mtaalamu wako: uwanja wa kijani, uliotawanywa vipande vya fedha, na katikati mmea mmoja wa mkonge wa dhahabu, majani yamefunguka kama kipepeo. Mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na waliojenga utajiri wake hawakuandikwa majina. Ngao hiyo itaingia kwenye daftari la serikali ya Kanada linalosomwa na kila mtu, na maelezo yake yatataja manamba. Sisitiza litumike neno hilo.

SWALI

Mimi ni Mnandi wa Kapsabet, ukoo wetu ni Kipkenda, na alama yetu ni nyuki. Je, Kenya kuna mahali pa kusajili nembo ya familia, ama ni ya kaunti peke yake?

Msomaji, Kapsabet

JIBU

Ndugu yangu, Kenya mna bahati tusiyo nayo sisi. Sheria ya mwaka 1968, Sura ya 98, iliunda chuo cha nembo, na kazi zake ziko chini ya ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Matangazo ya nembo zinazotolewa huchapwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali, na kweli siku hizi mengi ni ya kaunti na vyuo. Andika ombi kwa Msajili wa chuo hicho, eleza ukoo, ambatanisha sentensi ya nembo pamoja na mchoro, na usubiri jibu la maandishi kabla ya kuchapisha kitu. Ngao ya Kimaasai yenye simba wawili na jogoo ni ya taifa, iacheni.

Kwa kuwa nyuki ni wa Kipkenda wote, tafuteni cha nyumba yenu, mzinga wa gogo kwa mfano, kama kuna mzee aliyejulikana kwa mizinga. Nyuki wa dhahabu juu ya nyeusi atang'aa. Achorwe akitazamwa kutoka juu, mabawa wazi, mistari ya tumbo ikihesabika. Akichorwa ubavu, kwenye muhuri mdogo watu watadhani ni nzi.